Skrini ya LED ya nje: angalia mgongo wake kabla hujapenda uso

Mtu akitaka kufunga skrini kubwa ya LED nje, swali la kwanza huwa ni "ni P ngapi?" na la pili "inang'aa kiasi gani?", akishajibiwa hayo mawili anaona amemaliza, kilichobaki ni kulipa. Mimi kazi yangu ni kupanda juu na kuzifungua zikishagoma, na kusema ukweli ni mara chache nakuta taa zenyewe ndio zimeanza kufa. Nakuta maji. Nakuta kutu, nakuta waya mwembamba umebebeshwa mzigo wa waya mnene, nakuta pawa saplai imepikwa na joto mpaka kapasita zake, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, zimevimba vichwa. Skrini inauzwa kwa uso wake ila inakufa kwa mgongo wake. Usoni tupite kwasababu huko nako watu wanapigwa, alafu tuzunguke nyuma.

Hizo P ni nini hasa

Pikseli ni doti moja ya picha, na P ni umbali wa kutoka katikati ya pikseli moja mpaka katikati ya pikseli jirani, kwa milimita. P10 maana yake pikseli zimeachana milimita 10, P5 milimita 5. Inaonekana kitu kidogo ila angalia hesabu yake: mita moja ya mraba ya P10 ina pikseli 10,000, ya P8 ina 15,625, ya P5 ina 40,000 na ya P4 ina 62,500. Yani ukipunguza umbali kwa nusu, pikseli zinaongezeka mara nne, na kila pikseli ni taa, ni sehemu za kuchomelea, ni kitu cha kuharibika. Ndio maana bei inaruka vile.

Sasa muuzaji atakwambia P ndogo ndio nzuri, na hajadanganya, picha inakuwa laini zaidi. Ila nzuri kwa nani? Mtu anayepita mita 40 kutoka kwenye skrini jicho lake halitofautishi P10 na P5. Kanuni ya mafundi, ya haraka haraka, ni kwamba P ya milimita ngapi ndio mita za karibu kabisa mtu anazotakiwa kusimama, yani P10 ni mita 10 na kuendelea, na akiwa mara mbili au tatu ya hapo ndio macho yanatulia kabisa na doti hazionekani tena. Kwahiyo kabla ya kuuliza P nenda pale itakapokaa, simama anaposimama mtazamaji wa karibu kuliko wote, pima kwa hatua. Kazi ya dakika kumi, na hakuna kipimo kingine kitakachokuokolea pesa kama hicho.

Ukitaka mfano wa kutia wazimu, ipo ile Sphere ya Las Vegas iliyofunguliwa mwaka 2023, lile duara kubwa linalogeuka jicho au mwezi. Ule uso wake wa nje una vijisahani vya taa kama milioni 1.2 na kila kimoja kimeachana na mwenzake inchi 8, yani sentimita 20 hivi. Kwa lugha yetu hiyo ni P200! Ukisimama chini yake huoni picha yoyote unaona vitaa tu, ila ukiwa mbali unaona jicho linapepesa. Ukubwa na umbali ndio vinafanya kazi pale.

Ila kosa la upande wa pili lipo pia na nimeliona mara nyingi, mtu anachukua P10 anaifanya ndogo. Tuseme skrini ya mita 3.84 kwa 2.88, huo sio ukubwa nilioutunga, moduli nyingi za nje, yani vile vibao vya taa vinavyopangwa kuwa skrini, zina milimita 320 kwa 160 na kabineti ya kawaida, yani boksi linalobeba moduli hizo, ni 960 kwa 960, kwahiyo hapo ni kabineti 12, nne kwa tatu. Ukiwa na P10 unapata pikseli 384 kwa 288 tu. Hapo andika tangazo lenye mistari saba na namba ya simu chini uone kama kuna mtu atasoma, herufi zinakatikakatika kama zimeliwa na panya. Kwa P5 unapata 768 kwa 576 na hapo herufi ndogo zinaanza kusomeka. Kwahiyo maswali ni mawili: mtazamaji yuko umbali gani, na utaonyesha nini. Picha kubwa na neno moja nene, P10 inatosha. Ratiba, majina, maelezo, nenda chini.

Taa na mng'ao

Skrini ya rangi kamili inahitaji nyekundu, kijani na bluu. Nyekundu ilipatikana mapema, Nick Holonyak alitengeneza LED ya mwanga mwekundu unaoonekana mwaka 1962, ila bluu iliwasumbua watu miaka 30 mbele. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura ndio walioipata hiyo bluu, na mwaka 2014 wakapewa Nobel ya fizikia. Ndio maana mabango ya zamani ya LED yalikuwa mekundu tu, au mekundu na kijani na ile njano ya kuchanganya, haikuwa ushamba wa mtu.

Taa za nje ziko za aina mbili. Kuna DIP, ambayo kila rangi ina kitaa chake kilichochomoza kama kidole, na kuna SMD ambayo rangi tatu zimekaa ndani ya kijumba kimoja bapa. DIP ni ngumu na kali kwenye jua, ila ukiitazama kwa pembeni rangi zinahama, unakuta uso wa mtu umekuwa wa pinki. SMD inaonekana vizuri hata ukikaa pembeni sana, na siku hizi ndio nyingi sokoni. Mimi ningesema chukua SMD isipokuwa kama una sababu ya maana.

Mng'ao unapimwa kwa niti. Skrini ya ndani niti 1,000 zinatosha kabisa, ya nje usishuke chini ya 5,000 na kama inatazama jua la asubuhi au la jioni moja kwa moja tafuta 6,500 na zaidi. Kwanini tofauti kubwa hivyo? Jua la mchana linamwaga luksi kama 100,000 juu ya uso wa skrini. Hata kama uso huo ni mweusi na unarudisha asilimia 5 tu ya mwanga, hapo tayari kuna niti kama 1,600 za jua zinazorudi machoni kwa mtazamaji, na picha yako inatakiwa ishinde hizo. Kutokana na hapo unaona kitu ambacho hakiandikwi kwenye karatasi ya matangazo: weusi wa uso ni muhimu karibu sawa na ukali wa taa. Zile kope ndogo za plastiki zilizo juu ya kila mstari wa taa ni kofia ya kukinga jua, na plastiki yake ikiwa ya ovyo inapauka na kuwa kijivu, picha nayo inafifia hata kama taa bado ni nzima.

Na usiku? Niti 6,000 usiku ni ukatili. Dereva anakuja kwenye giza anapigwa mwanga wa mchana usoni, majirani hawalali. Usiku niti mia chache tu zinatosha, kwahiyo hakikisha kuna sensa ya mwanga inayoshusha yenyewe, usimtegemee mlinzi akumbuke. Faida yake nyingine ni kwamba taa iliyozoea kuendeshwa kwa nguvu zake zote inazeeka haraka. Nunua yenye nguvu ya ziada alafu iendeshe chini ya uwezo wake.

Kuna namba nyingine inayoitwa rifreshi, 1920 au 3840, ni mara ngapi kwa sekunde picha inachorwa upya. Kwa macho hutajua tofauti ila kwa kamera ya simu utajua, skrini yenye rifreshi ndogo inatoa michirizi myeusi. Na watu wakikusanyika mbele ya skrini wanafanya nini? Wanapiga picha. Hapo hapo uliza na skani. Skani ya 1/8 maana yake kila wakati ni sehemu moja ya nane tu ya mistari inayowaka, mingine inasubiri zamu, jicho linadanganyika tu. Zamu zikiwa nyingi chipu za kuendesha taa zinapungua na bei inashuka, ila mng'ao nao unaumia. Nje kwa P10 tafuta 1/2 au 1/4, zile zenye P ndogo kama P5 huwa zinafika 1/8.

Alafu ile "inadumu masaa 100,000". Hiyo ni miaka 11 na miezi kadhaa usiku na mchana, na ni masaa ya taa kufika nusu ya mng'ao wake ikiwa maabara kwenye hali nzuri. Pawa saplai hawajaiandikia hiyo namba. Feni hawajaiandikia. Mpira wa kuzuia maji ndio kabisa.

Tuzunguke nyuma

Kuna skrini moja niliitiwa, kila mvua ikinyesha safu moja ya kabineti, kutoka juu mpaka chini, inapiga chenga, mistari ya rangi inakimbia juu chini, jua likitoka inapona yenyewe. Kadi ya kupokea, ile inayopokea picha na kuigawia moduli, ilikuwa imeshabadilishwa mara mbili. Fundi wa kwanza akasema kadi, wa pili akasema kadi ya wa kwanza ilikuwa feki. Nilipofungua mlango wa nyuma mchana na tochi, niliangalia kwanza waya mkubwa wa umeme unaoingia, kwasababu juu yake kulikuwa na mstari wa vumbi lililokauka kama njia ya konokono. Maji yalikuwa yanashuka na ule waya, yanaingia nao kupitia tundu la juu lililozibwa kwa utepe, yanafika kwenye kona ya waya yanadondoka, na chini ya ile kona kuna ile kebo bapa ya kijivu inayopeleka data kwenye moduli. Nikaichomoa. Vipini vyake vilikuwa vya kijani, ule ukijani wa shaba iliyooza. Kadi ilikuwa haina kosa lolote.

Dawa yake haikuwa kifaa chochote. Niliutoa waya juu nikauingiza kwa chini, nikauacha ushuke chini ya tundu kwanza ndio upande kuingia, ili maji yakifika pale chini yadondoke nje. Basi. Kila waya unaoingia kwenye skrini ya nje unatakiwa uwe na hicho kitumbo, na kila tundu liwe na gasketi yake ya kubana waya, sio utepe, sio silikoni iliyobandikwa na kidole.

Sasa hii IP65 inayoandikwa kila mahali. Namba ya kwanza ni vumbi na 6 maana yake vumbi haliingii kabisa, namba ya pili ni maji na 5 maana yake inastahimili maji yanayorushwa kwa mpira kutoka pande zote. Ukisoma vizuri karatasi utakuta mara nyingi mbele ni IP65 na nyuma ni IP54, ambayo ni maji ya kurushiwa rushiwa tu na vumbi kidogo linaruhusiwa. Kama mgongo wa skrini utakaa wazi kwenye mvua ya upepo basi 54 haikutoshi, ama uitafutie 65 pande zote ama ujenge ukuta wa bati nyuma yake. Na hiyo IP ni ya moduli ikiwa mpya na imebanwa sawasawa. Ukikaza skrubu tatu kati ya nne, IP yako imeenda.

Zile taa zenyewe nazo zimezungushiwa gundi ya silikoni usoni, imemwagwa mpaka shingoni mwa taa. Chukua moduli ya sampuli, iinamishe kwenye mwanga, angalia kama gundi imesambaa sawa au kuna visima. Pale kwenye kisima ndipo unyevu utakapoingilia. Na kama wanakuruhusu kunyofoa taa moja, isogezee sumaku ndogo. Ikinasa, miguu yake ni ya chuma, na chuma na unyevu unajua stori yao. Ya kopa, yani shaba, hainasi. Niliwahi kumfanyia muuzaji mmoja hivyo mbele ya mteja, hakufurahi.

Tabia nyingine ya ajabu ni kwamba skrini isiyowashwa ndio inaharibika haraka. Ikiwaka inajikausha yenyewe kwa joto lake, ikizimwa wiki nyingi kipindi cha mvua taa zinanyonya unyevu taratibu, siku mnaiwasha kwa sherehe full mng'ao ule unyevu unapata joto ghafla na taa zinapasuka ndani, mnakaa mnashangaa jana ilikuwa nzima. Iwashe hata masaa mawili kila wiki. Na kama imelala muda mrefu anza na mng'ao wa asilimia 20 au 30, iache masaa kadhaa, ndio upandishe.

Umeme: hapa usinibishie

Taa za skrini zinakula volti 5 tu, na watu wakisikia 5 wanadharau. Volti zikiwa chache ampea zinakuwa nyingi. Pawa saplai ya kawaida humo ndani ni ya wati 200, yani volti 5 kwa ampea 40. Ampea 40! Moduli moja ya P10 ikionyesha nyeupe tupu inaweza kuvuta ampea 8 peke yake. Sasa ukitumia kiwaya chembamba kutoka pawa saplai mpaka moduli ya mwisho, unapoteza nusu volti njiani, na nusu volti kwenye 5 ni asilimia 10 nzima, alafu inayopotea inageuka joto kwenye waya. Utaijua kwa macho: onyesha nyeupe tupu, kama upande mmoja unaelekea wekundu basi volti zimeshuka huko, kwasababu bluu na kijani zinahitaji volti nyingi kuliko nyekundu, kwahiyo zenyewe ndio zinaanza kufifia.

Upande wa umeme mkubwa fanya hesabu ya nyeupe tupu, sio ya wastani. Ile skrini yetu ya kabineti 12 ina mita za mraba 11 na kidogo. Kama karatasi inasema wati 800 kwa mita ya mraba, hapo ni karibu kilowati 9, na kwa volti 230 ni ampea 39 hivi. Ukizigawa kwenye fezi tatu ni 13 kila moja, vizuri sana. Ukizibandika zote kwenye fezi moja na waya uliobaki kwenye kazi nyingine, tutaonana. Matumizi ya kila siku ya kweli ni kama theluthi ya hapo kwasababu video ina giza na rangi, kwahiyo kilowati 3, ukiwasha masaa 15 ni yuniti 45 kwa siku. Hiyo namba mpe mwenye skrini mapema, kabla ya bili kumpa. Mwambie pia tangazo lenye mandharinyuma nyeupe linakula umeme kuliko lenye mandharinyuma nyeusi, na kwenye skrini hizi tofauti ni kubwa.

Usiwashe kabineti zote kwa mpigo. Pawa saplai zikiwaka pamoja zinavuta umeme mwingi sana kwa sekunde ile ya kwanza na breka inaruka, watu wanabadilisha breka wanaweka kubwa zaidi, hapo ndio mmetengeneza moto. Dawa ni kuwasha kwa mafungu na kucheleweshana sekunde chache, kuna boksi za kugawa umeme zinazofanya hivyo zenyewe.

Pawa saplai usiibebeshe mpaka shingoni. Iwe na mzigo wa asilimia 70 au 80 ya uwezo wake basi. Kinachoiua ni kapasita zake, na kanuni ya watu wa umeme ni kwamba joto likipanda nyuzi 10 maisha ya kapasita yanapungua kwa nusu. Kwahiyo hewa. Joto linapanda juu, kwahiyo liachie njia juu ya kutokea na njia chini ya hewa baridi kuingilia, matundu yawe na kofia na wavu. Nimeona skrini imebandikwa ukutani bila hata upana wa kiganja nyuma, mchana wa jua kali kule ndani ni jiko. Hapo ama uweke feni za kunyonya ama kiyoyozi ama uachane nayo.

Ethi sio mapambo. Kila kabineti iunganishwe, fremu iunganishwe, ishuke ardhini, na mafundi wengi wa skrini wanataka ukinzani wake ukipimwa usizidi omu 4. Weka kifaa cha kukata mawimbi ya radi kwenye boksi la umeme. Na kebo ya data inayotoka ofisini kwenda skrini, ikizidi mita 100 lazima uende faiba, ila mimi hata kwenye mita 60 nje naweka faiba kwasababu kioo hakipitishi radi, kebo ya kopa inaileta mpaka kwenye kompyuta. Tukiwa hapo hapo kwenye kebo, kwarua waya wa ndani na wembe: ukiwa mwekundu mpaka ndani ni kopa, ukiwa mweupe ni aluminiamu iliyovikwa kopa juu tu, rudisha.

Chuma na upepo

Kabineti ya chuma ya 960 inaweza kuzidi kilo 40, kwahiyo zile 12 ni nusu tani hivi. Watu wanajenga nguzo kwa kufikiria hiyo nusu tani. Ila skrini ni ukuta, haina matundu ya kupitisha upepo. Upepo wa mita 40 kwa sekunde, huo wa dhoruba, unasukuma karibu kilo 100 kwa kila mita ya mraba, kwahiyo skrini yetu inasukumwa na zaidi ya tani moja, mara mbili ya uzito wake wenyewe, na inasukumwa kwa ubavu ikiwa juu ya nguzo ndefu. Hiyo sio hesabu ya mchomeleaji, tafuta injinia wa majengo asome udongo, aseme zege liende chini kiasi gani. Kama ni ukuta wa jengo la zamani, akague na ukuta.

Fremu inatakiwa iwe imenyooka kwelikweli, tofauti ya milimita 1 au 2 basi. Kabineti moja ikichomoza kidogo, jua likipiga kwa pembeni utaona vivuli vya miraba, na usiku kwenye maungio kunatokea mistari, wa giza kama nafasi imepanuka na wa mwanga kama zimebanana. Vuta uzi kona kwa kona, tumia pima maji, anza na mstari wa chini na usipande juu mpaka wa chini umekubali. Uchomeleaji wote uishe kabla kabineti haijapanda! Umeme wa kuchomelea ukipita kwenye fremu yenye skrini unaua chipu, na cheche zinatoboa gundi.

Fikiria pia utaifikiaje. Kama nyuma kuna nafasi ya mtu kupita na kugeuka, chukua ya kufunguliwa nyuma. Kama inabandikwa ukutani chukua ya kufunguliwa mbele, usije ukalazimika kukodi kreni kila moduli moja ikigoma.

Siku ya kukabidhiwa

Usikubali kukabidhiwa kwa video ya maua na maporomoko ya maji, video nzuri inaficha kila kitu. Omba nyekundu tupu, kijani tupu, bluu tupu, nyeupe tupu, kila moja uiangalie kwa utulivu, doti zilizokufa zitaonekana na moduli yenye rangi tofauti na wenzake itaonekana. Alafu omba kijivu cha chini kabisa, karibu na nyeusi, hapo ndipo chipu za ovyo zinajitaja, unaona mabaka na madoa. Acha nyeupe iwake masaa mawili, mtu ashike waya kwa nje na breka kwa mgongo wa mkono, pasiwe na sehemu inayochoma. Mwagia maji kwa mpira, mbele, na nyuma pia kama nako ni IP65, fungua milango uangalie. Na kama mlikubaliana kebo ya data iwe na njia ya kurudi, yani ikikatika katikati picha iingilie upande wa pili, ichomoe moja mwenyewe uone kama picha inabaki. Nimeshakuta hiyo njia ya kurudi imechorwa kwenye karatasi tu.

Moduli za akiba zinunuliwe siku hiyo hiyo na ziwe za kundi moja la kiwandani, asilimia 3 mpaka 5 ya moduli zote, kwa ile yetu yenye moduli 216 weka hata 8 au 10. Taa za makundi tofauti hazifanani rangi hata kama jina ni moja, ukija kununua baada ya miaka miwili utapata kiraka kinachoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Ongeza pawa saplai mbili tatu na kadi ya kupokea moja.

Na hiyo kadi ya akiba haina maana bila faili la mpangilio, lile linaloiambia kadi moduli zimepangwaje na skani ni ngapi. Ukiweka kadi mpya bila faili hilo skrini inaonyesha uji wa rangi tupu. Ni faili dogo sana, linaingia kwenye flashi yoyote, mwambie fundi akupe kabla hujamlipa salio, alafu lijaribu kweli kwenye kadi ya akiba akiwa bado yupo saiti. Maana simu ninazopigiwa zaidi kuliko zote ni hizo: kadi wanayo, skrini ni nzima, faili liko kwenye laptopu ya fundi, na fundi amebadilisha namba.